Mafundi wa viwango tofauti kwenye ukuta mmoja: mnawapangaje?

Msimamizi_Chanika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mchango wa wanaojua uashi na kusimamia watu.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, tofali za saruji za inchi 6 (18 kwa 9), zinasimamishwa. Tuko kozi ya 6, yaani mstari wa sita wa tofali. Watu ni tisa. Mafundi wawili ni wakongwe, mkono wao hauna maswali. Watatu ni wa kati: kijana aliyetoka chuo cha ufundi VETA na cheti chake, mwingine katokea Iringa alikozoea tofali za kuchoma, na wa tatu alikuwa saidia fundi akapandishwa. Wanne waliobaki ni saidia fundi.

Shida ni hizi. Ukuta wa nyuma una mita 8. Kona zote mbili nikizipima kwa timazi zimesimama vizuri, ila katikati kuna tumbo, na nikivuta uzi kutoka kona hadi kona naona milimita 15. Wakongwe wanamaliza kipande chao mapema, wanakaa kusubiri, kisha wanaanza kupita na nyundo kugonga tofali za wenzao "kuzinyoosha", na hapo maneno yanaanza. Udongo nao (wa kujengea, saruji na mchanga) hauna msimamo: asubuhi mzuri, mchana mara mwepesi kama uji, mara umekauka unamwagika kama mchanga mtupu.

Wakongwe wote wawili ni wakubwa kwangu sana kwa umri. Nawapangaje hawa watu wafanye kazi moja bila kuvunjiana heshima?

---

Timazi_na_Uzi:

Mkuu, shida yako ya kwanza na ya pili ni kitu kimoja, na kiko kwenye uzi. Watu watatu wenye mikono tofauti wakijenga kwa uzi mmoja, kosa la mmoja linahamia kwa wote. Angalia linavyosafiri.

Tofali halitakiwi kugusa uzi. Liache nafasi ya milimita 1 hadi 2, kama unene wa sarafu. Fundi asiyezoea huliweka tofali likaubana uzi, kwa sababu macho yake yanamwambia likigusa ndiyo limenyooka. Uzi ukisukumwa milimita 3 pale alipo yeye, wa kulia na wa kushoto kwake wanaufuata uzi uliosukumwa, na wao hawana kosa lolote. Hata mkongwe akiwa jirani yake anajenga tumbo bila kujua.

Utajiuliza, mbona uzi unavutwa upya kila kozi, kwa nini tumbo lisijirekebishe? Kwa sababu fundi mchanga hauamini uzi, anaamini tofali la chini. Anaona tofali la kozi ya 3 limetoka nje kidogo, basi la kozi ya 4 analipanga nalo uso kwa uso, uzi anausukuma upishe. Milimita 2 au 3 kila kozi, ukifika kozi ya 6 una hizo 15 zako.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Kila kozi ikikamilika, kabla uzi haujahamishwa, mtu asimame kwenye kona aupige uzi kwa kidole. Ukitetemeka wote mpaka kona ya pili, hakuna kinachoubana. Ukikwama katikati, tembea nao mpaka uone tofali lililoushika, au bonge la udongo lililojitokeza kwenye kiungo. Udongo bado mbichi, linarekebishika kwa sekunde kumi. Kazi hiyo mpe huyo saidia fundi aliyepanda. Akifanya kozi tatu nne atajua uzi kuliko kwa maneno ya mwezi mzima.

Halafu mita 8 ni nyingi kwa uzi mtupu. Hata wa nailoni uliovutwa vizuri unalegea katikati, na upepo wa mchana unaupeperusha. Mkongwe mmoja aweke tofali moja katikati ya ukuta kwanza, alipime kimo na unyoofu akiwa anatazama kutoka kona, kisha uzi ulazwe juu yake kwenye kipande cha bati kilichokunjwa na kukandamizwa na tofali kavu. Hapo una nyuzi mbili za mita 4 badala ya moja ya mita 8.

Sasa ugawaji. Usiwagawie urefu sawa. Ukuta wa mita 8 una tofali 17 na kipande kwa kozi, ukihesabu sm 46 kwa tofali na kiungo chake. Watu watatu ukiwapa sita sita, mwepesi atamaliza na kusubiri, na kusubiri ndiko kunakozaa kugonga tofali za watu. Wape 7, 6 na 4, halafu angalia kozi mbili. Wote wakimaliza pamoja, umepatia. Mmoja akiwa bado anamaliza, mpunguzie kipande chake kwa tofali moja kozi inayofuata. Uzi unapanda kwa mwendo wa mtu wa mwisho, kwa hiyo kazi yako ni kumfanya wa mwisho asiwe mbali na wa kwanza. Kasi ya mwepesi haikusaidii kitu kama anasimama kusubiri.

Kuhusu kugonga tofali la mtu: hilo piga marufuku, tena kwa sababu ya kitaalamu, usiingize habari ya heshima. Tofali la saruji linaanza kunyonya maji ya udongo mara tu linapokaa. Dakika chache udongo umeshashika. Ukiligonga baada ya hapo linasogea, ndiyo, na kwa nje linaonekana limenyooka, lakini umelibandua kutoka kwenye udongo wake na halishiki tena. Utaona ufa mwembamba kama unywele chini ya kiungo cha mlalo. Likikosewa na udongo umeanza kukaza, njia ni moja: linyanyue, kwangua udongo wote juu na chini, weka mpya, lipange upya. Na anayelinyanyua awe aliyelijenga. Mkongwe aonyeshe kwa kidole, asiguse.

Akiligeuza atazame uso wa chini. Udongo ukiwa umeshika pembeni tu, katikati pakavu, ujue anatandaza udongo kisha anauchimba mfereji wa kina mno kwa mwiko, au anatandaza mbele zaidi ya tofali mbili tatu, na jua linaukausha kabla hajafika. Hapo umejua cha kumfundisha, na ni kitu kimoja tu. Usimpe makosa matano kwa siku.

---

Karai_Moja:

Nachangia upande wa udongo, maana wengi wanamwona saidia fundi kama mtu wa kubeba tu, kumbe nusu ya ubora wa ukuta iko mikononi mwake.

Udongo unabadilika kwa sababu watu wanne wanachanganya na kila mmoja ana kipimo chake. Koleo si kipimo. Koleo la mtu mwenye nguvu asubuhi na la mtu aliyechoka saa nane ni vitu viwili tofauti, na mchanga wenye unyevu hujaa kwenye koleo kuliko mkavu. Mchanga ukilowa kiasi huvimba, unaweza kuongezeka robo nzima ya ujazo. Kwa hiyo siku baada ya mvua, hesabu ileile ya ndoo inakupa mchanga pungufu, na udongo unatoka tofauti na wa jana. Funika rundo la mchanga kwa turubai jioni.

Tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sm 40 kwa 35, kimo 25. Hiyo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Piga msumari wa alama ndani kwenye sm 12.5, hiyo ni nusu. Unaliweka chini, unajaza, unasawazisha juu kwa ubao, unalinyanyua. Kwa uwiano wa 1 kwa 6, mfuko mmoja unaenda na boksi sita za mchanga. Huna boksi? Ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa, kumi na nusu. Aliyeanza kazi jana hawezi kukosea boksi, na mkongwe hawezi kubishana nalo.

Usichanganye mfuko mzima kwa mafundi watatu. Tofali la inchi 6 lenye kiungo cha sm 1 linakula karibu lita moja ya udongo, mlalo na wima; ukiongeza unaodondoka inafika lita moja na theluthi hivi. Nusu mfuko kwa boksi tatu unatoa karibu lita 90 za udongo, zinatosha tofali 60 hadi 70. Kwa jua la Dar udongo uishe ndani ya saa moja na nusu tangu maji yalipoingia. Wako unakauka mchana kwa sababu unachanganywa mwingi mno, kisha mtu anaufufua kwa maji. Udongo ulioanza kukaza ukiuongeza maji unalainika kweli, lakini nguvu haimo tena.

Chagua mchanganyaji mmoja, awe ndiye pekee anayegusa maji. Fundi akitaka udongo mwepesi zaidi amwambie yeye, asimimine mwenyewe kwenye karai. Na huyo mchanganyaji umlipe juu kidogo ya wabebaji, kwa sababu huo ni ujuzi.

Halafu yule wa Iringa. Nakuhakikishia ndiye anayeomba maji, na hana kosa. Tofali la kuchoma linanyonya sana, ndiyo maana huloweshwa kabla ya kujengwa na udongo wake unakuwa laini. Amekuja na desturi sahihi ya tofali jingine. Tofali la saruji halilowekwi. Likijengwa limeshiba maji, likikauka baadaye linasinyaa na kuacha nyufa kwenye viungo. Jua likiwa kali sana, nyunyizia maji kidogo uso wa tofali unaopokea udongo, basi. Mweleze hivyo, sababu na yote, atabadilika siku hiyohiyo. Ukimwambia "wewe hujui kujenga" umempoteza fundi mzuri.

---

Fundi_Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Huku twajenga sana kwa mawe ya matumbawe ya kukatwa, na kimo chake hakilingani kama bloku (hizo tofali zenu za saruji), basi bila fimbo ya kozi hatuendi popote. Na nyinyi wa bloku yawafaa pia.

Chukua ubao wa 2 kwa 2 ulionyooka, urefu mita 2.4 au zaidi. Weka alama kila sm 24, yaani bloku 23 na kiungo 1. Ya tisa itakuwa 216, hapo ndipo pa kuangalia juu ya fremu ya mlango na lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Fimbo yasimamishwa kila kona, na mahali pamoja tu, penye alama iliyopimwa usawa kwa mpira wenye maji kuzunguka jengo lote. Fundi wa kona apandisha uzi kwa alama, si kwa kukisia.

Faida yake kwa gengi la mchanganyiko ni kuwa kiungo kinene chaonekana papo hapo. Ambaye mkono wake bado aweka udongo mwingi ili bloku ikae kwa urahisi, kisha hana nguvu ya kuishindilia. Kiungo cha sm 2 badala ya 1 chala lita mbili na ushee kwa kila bloku, na kwa kozi tisa ukuta wapanda sm 9 zaidi. Upande mmoja wa nyumba wafika lenta, mwingine bado. Fimbo yamwambia mtu hayo kwenye kozi ya kwanza, na hakuna aliyemtolea sauti.

---

Kozi_ya_Kwanza:

Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi napingana na jambo moja ambalo hawakulisema lakini naliona kwenye maeneo mengi ya kazi: kuwapa wachanga msingi "kwa kuwa utafukiwa", na wakongwe kuwawekea kuta zinazoonekana. Ni kinyume kabisa. Kozi ya kwanza juu ya jamvi (zege la chini) inatakiwa ijengwe na mkono bora ulionao, kwa kuwa ndiyo inayosawazisha mabonde ya zege, inayoshika pembe mraba, na inayopanga wapi vipande vitaangukia kwenye milango. Kozi ya kwanza ikikosewa, kila anayejenga juu yake anarithi.

Sehemu ya kumfundishia mtu ni kozi ya 2 hadi ya 5, katikati ya ukuta, kati ya nguzo au mlango na kona. Ni kimo cha goti hadi kifua, mkono unafanya kazi bila kuinama sana wala kunyoosha, uzi upo pande zote. Kozi za juu ya kifua, za kwenye jukwaa, mrudishe pembeni mpaka mkono uzoee. Kona, pande za milango na madirisha, na makutano ya kuta asiguse bado. Ila asimame karibu kutazama.

Wakati wakongwe wanapandisha kona, wa kati wasikae. Wapange tofali za kozi ya kwanza bila udongo, waone viungo vya wima vinavyoangukia, wapishanishe nusu kwa nusu. Saidia fundi wapange tofali kwa mafungu kila mita 2 hivi, sm 60 kutoka ukutani, ili fundi ageuke asitembee. Bora zaidi, kona zijengwe jioni ya siku iliyotangulia, kozi tatu, zikishuka kwa ngazi. Asubuhi saa moja kila mtu anakuta uzi umevutwa na anaanza.

Cha mwisho: unawalipaje? Kama ni kwa tofali, hata upange vipi wakongwe hawatamfundisha mtu. Kila dakika anayomwonyesha mwenzake ni tofali lake limepotea. Na kona zina tofali chache kwa muda mwingi, kwa hiyo anayejenga kona analipwa kidogo kuliko anayejaza katikati. Hapo unamwadhibu fundi wako bora.

---

Msimamizi_Chanika:

Asanteni sana, nimepiga picha majibu yote.

Malipo ni kwa tofali kweli. Na nimekwenda kuangalia sasa hivi: yule wa Iringa ndiye aliyekuwa anaomba maji.

Maswali mawili yamebaki. Tumbo lililopo nilifanyeje, nilifiche kwenye lipu? Kozi ya 5 na ya 6 ni za jana jioni. Na la pili, mzee wa kona nitamwambiaje aache kugonga tofali za vijana? Nikimwambia mbele ya watu nitakuwa nimekosa adabu.

---

Timazi_na_Uzi:

Usifiche. Piga hesabu: ukinenepesha lipu kwa sm 1 tu kwenye ukuta wa mita 8 kwa 2.7, ni lita 216 za udongo zaidi, yaani zaidi ya mfuko mmoja wa saruji upande mmoja tu. Na lipu ikizidi sm 2 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, inajivuta kwa uzito wake na kupasuka, itabidi upige mikono miwili na kusubiri katikati.

Vuta uzi kozi kwa kozi ujue tumbo linaanzia wapi. Kozi ambazo zimetoka chini ya milimita 5 ziache. Zilizozidi hapo ziondoe kwenye sehemu ya tumbo peke yake, ukishuka kwa ngazi pande zote mbili. Zikiwa kozi tatu kwa urefu wa mita 2, ni kama tofali 13. Ni kazi ya saa mbili kwa watu wawili. Za jana zinabanduka kwa nyundo na patasi bila kuvunjika nyingi. Za kozi ya chini zaidi utapoteza kadhaa, kubali. Kwangua, piga brashi, nyunyizia maji kidogo pale palipokwanguliwa, jenga upya kwa uzi.

Abomoe aliyejenga akiwa na mkongwe mmoja. Wakiwa wanabandua wageuze kila tofali na kuangalia udongo uliposhika na usiposhika, pamoja na viungo vya wima kama vilijazwa mpaka chini au vilipakwa usoni tu. Usiite mkutano wa kuwasomea makosa. Tofali lililogeuzwa linatosha.

---

Kozi_ya_Kwanza:

Kuhusu mzee. Usimwambie mbele ya watu, na usimwambie kazi ikiwa imepamba moto. Nenda asubuhi kabla ya wengine hawajafika, salimia kama inavyopasa, shikamoo yako kamili, kaa naye. Halafu mwombe kazi, usimkataze kazi: "Mzee wangu, naomba kona zote nne na kozi ya kwanza ziwe zako. Na kila kozi ikiisha, uzi usihame mpaka wewe uupige na kusema sawa. Ukiona tofali limekosewa, mwite aliyelijenga alinyanyue mwenyewe, ili kesho asikosee tena."

Umempa madaraka, na humo ndani umeweka kanuni ya kutogonga. Macho yake yanaona kosa kabla ya mtu yeyote, huo ni utajiri. Kilichokuwa kinaharibu ni kwamba jicho lake halikuwa na nafasi rasmi, likawa linatumia nyundo. Mgawie na mkongwe wa pili upande wake wa jengo, wasigongane wao kwa wao.

Ukiwa wewe ndiye unayepima, weka rula na pima maji ukutani na umwite fundi aangalie povu mwenyewe. Sema "tuangalie", usiseme "umekosea". Kijana wa VETA naye mwonye aache kutaja cheti. Anajua kusoma mchoro na kukokotoa, basi mpe kazi ya kuhesabu kozi, nafasi za madirisha na tofali zitakazohitajika kesho. Mzee atamheshimu kwa hilo, na yeye atajifunza mkono kwa mzee.

Malipo: geuza yawe ya kazi ya kundi. Kubaliana bei ya ukuta mzima mpaka lenta, kisha mgawane kwa siku walizofanya kazi, kila daraja na kiwango chake kilichotajwa mbele ya wote kabla ya kuanza. Kama huwezi kubadilisha katikati ya kazi, bakiza bei ya tofali lakini kona na kozi ya kwanza zihesabiwe mara moja na nusu. Andika kwenye daftari, kila jioni kila mtu asikie hesabu yake.

---

Karai_Moja:

Naongeza dogo. Saidia fundi anayetaka kupanda asijifunzie kwenye ukuta wa mtu. Mpe nusu saa jioni, tofali kumi na tano, kona mbili na uzi, na udongo wa chokaa na mchanga bila saruji. Vyuoni hutumia huo kwa sababu haukazi kama wa saruji: unabomoa, unakwangua, kesho unajenga tena kwa tofali zilezile. Akiweza kozi tatu za mita 2 uzi ukitetemeka bila kukwama, na viungo vya sm 1 kwa fimbo, mwingize ukutani kwenye tofali 4.

Na msipande zaidi ya kozi 5 au 6 kwa siku hata kama spidi imeongezeka. Udongo wa chini bado laini, uzito wa juu unauminya na ukuta unahama wenyewe.

---

Msimamizi_Chanika:

Nimeongea na mzee leo asubuhi kabla watu hawajaja. Amekubali kona na uzi, na amesema kubandua tofali atasimamia yeye mwenyewe. Fimbo ya kozi naichonga jioni hii, ubao wa 2 kwa 2 nimeupata.

---

Fundi_Likoni:

Angalia huo ubao uwe mkavu. Mbichi wapinda juani siku ya pili na alama zote zaongopa. Na alama zikate kwa msumeno kidogo, zizunguke pande zote nne, usichore kwa chaki wala kalamu. Udongo utazifuta kabla ya kozi ya tatu. Ukimaliza, igeuze kichwa chini uipime upya kwa futi ya chuma, alama kwa alama.